MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeiandika mara ngapi katika insha zetu? Tumeipigia mstari, tumepewa alama, kisha tukaisahau kabla kengele ya mapumziko haijalia. Leo nataka kuitumia kwa shughuli nyingine. Nataka kuongea juu ya hija ya Wahindu kwenda kwa Mama wa mlimani, Mata Vaishno Devi, na nataka kusema waziwazi, bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba hija hiyo ni ya miguu na ibaki ya miguu. Wale wanaotaka kuigeuza iwe ya mitambo wataua kitu ambacho hawataweza kukifufua.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuguna. "Yatuhusu nini sisi mambo ya Bara Hindi?" Subirini kidogo, wenzangu. Kwanza, katika shule hii sisi Wahindu ni wachache, na maswali tunayoulizwa bwenini ni mengi. Ati mnaabudu mawe? Ati mungu wenu ni mwanamke? Sina ugomvi na anayeuliza, maana kuuliza si ujinga. Pili, jambo lenyewe si geni kwenu. Wakatoliki hupanda kilima cha Subukia kwa sala na nyimbo, na Mwislamu gani hapa hana ndoto ya kuiona Makka? Tatu, watu wetu hawakuanguka kutoka mawinguni. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na wengi wao walitoka Punjab. Jimbo hilo linapakana na Jammu, na Jammu ndiko uliko mlima ninaousimulia. Basi hadithi ya Mama huyu imekuwa ikisimuliwa katika nchi hii tangu siku za mataruma na nyundo.

Sasa tuingie jikoni. Hekalu la Vaishno Devi liko katika milima ya Trikuta, juu ya mji mdogo wa Katra, kaskazini mwa India. Pango lenyewe liko kwenye kimo cha futi 5,200 hivi. Msicheke, hata Nairobi yetu iko juu kuliko hapo! Lakini Katra iko chini sana, kama futi 2,500, kwa hivyo unaianza safari bondeni na unakwea kilomita 12 hivi, kona baada ya kona, mpaka goti liseme "yallah". Wanaofanya safari hiyo si haba. Mwaka wa 2011 na wa 2012 mahujaji walipita milioni 10 kila mwaka, na mwaka wa 2023 walizidi milioni 9. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilifikaje huko? Nilifanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2023, ule wa mwisho kabisa. Dadi, ndivyo tunavyomwita nyanya mzaa baba, alikuwa ameweka nadhiri kwamba nikipita atanipeleka kwa Mama nikamshukuru kwa miguu yangu mwenyewe. Nikapita. Nadhiri ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Desemba hiyo tukaruka hadi Delhi, tukapanda treni ya usiku, na asubuhi tukashuka Katra. Mji huo hauuzi nyama wala pombe. Hapo kila hujaji huandikishwa na kupewa kadi ya kuvaa shingoni, ambayo mashine huisoma njiani ili ijulikane ni watu wangapi wako mlimani. Bila kadi, hupiti lango, hata uwe nani.

Hadithi ya mlima huo nilisimuliwa na Dadi tukiwa njiani, kituo kwa kituo, nami nawapa kwa ufupi. Mama alikuwa msichana mcha Mungu aitwaye Vaishnavi, aliyejitenga kwa ibada. Mtu mmoja mwenye nguvu za ajabu, Bhairon Nath, akamfuata kwa nia mbaya. Msichana akakimbilia mlimani. Alipoona kiu akapiga mshale ardhini, maji yakabubujika, na hapo ndipo Banganga. Aliposimama kutazama nyuma akaacha alama za nyayo, na hapo panaitwa Charan Paduka. Katikati ya njia, mahali paitwapo Ardhkuwari, akajificha pangoni miezi tisa kama mtoto tumboni. Mwishowe, Bhairon alipomfikia kwenye pango la juu, Mama akamkata kichwa, kikaruka mpaka kilima cha mbele. Lakini kichwa hicho kikatubu. Na Mama akafanya nini? Akamsamehe! Tena akatoa amri kwamba hija ya mtu yeyote haitatimia mpaka, baada ya kumwona yeye, apande zaidi akamwone na Bhairon.

Hebu tulieni mfikirie hapo. Umechoka, umeshapata ulichokijia, unataka kurudi ukalale, kisha unaambiwa bado, nenda kwanza kwa yule adui aliyesamehewa. Na kilima chake ndicho kirefu kuliko vyote, juu zaidi ya futi 6,000. Sisi hapa shuleni tukikosana na mtu juu ya ndoo ya maji tunanuniana muhula mzima. Dini iliyofanya msamaha kuwa mteremko ingekuwa na waumini wengi. Hii imeufanya kuwa mlima, na nadhani imesema kweli.

Na je, juu kuna nini? Hapa ndipo nitakapojibu lile swali la bwenini. Kwanza unaacha vitu vyako kwa watunzaji: simu, mkoba, na chochote cha ngozi, hata mkanda. Mabwana wakubwa wanaojulikana kwa magari yao nao wamesimama foleni wakishikilia suruali kwa mkono. Kisha unaingia katika kijia kilichochongwa ndani ya mwamba. Maji baridi yanatiririka na watu wanaimba "Jai Mata Di", yaani ushindi kwa Mama. Mwisho wa kijia hicho hakuna sanamu. Narudia, hakuna sanamu ya mtu iliyochongwa. Kuna mwamba mmoja wa asili wenye vichwa vitatu, na kila kichwa ni sura mojawapo ya Mama: Kali anayeangamiza uovu, Lakshmi mwenye riziki, na Saraswati mwenye elimu. Unainama, kuhani anakupa punje za sukari, na askari anakuambia usonge. Sekunde chache tu, basi. Umetoka.

Yaani utoke Kenya, upande saa nyingi, halafu uone mwamba kwa sekunde chache? Ndiyo. Na hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kama hija ingekuwa ni zile sekunde, basi picha ukutani ingetosha. Hija ni ile njia. Ni kule Ardhkuwari, katika lile pango la miezi tisa, ambamo njia ni nyembamba kiasi kwamba hupiti ila kwa kutambaa. Mbele yangu palikuwa na bwana mmoja mwenye kitambi na saa ya dhahabu. Nje alikuwa akifokea kila mtu, mara "nipisheni", mara "mnanijua mimi?" Humo ndani alitambaa kwa tumbo kama sisi, akiomba kwa sauti ndogo, na alipotokea upande wa pili alimpa mkono mwanamke mzee aliyekuwa nyuma yake, akamvuta. Hakuna hotuba ingalimfanya afanye hivyo. Aliinamishwa na jiwe, akainama.

Sasa, nani anaitunza njia hii iwe hai? Wapo wauza chai, wachuuzi wa fimbo na nazi, na maelfu ya wapagazi. Wengine wanaongoza farasi wadogo, wengine wanabeba watoto na mizigo mgongoni, na wengine, wanne wanne, wanabeba wazee kwa machela. Dadi alitembea kwa miguu mpaka Ardhkuwari, kisha magoti yakagoma, ikabidi tuchukue machela. Mmoja wa wale wanne alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, na kumbe alikuwa Mwislamu. Si ajabu huko, kwani wapagazi wengi wa mlima ule ni Waislamu wa vijiji vya karibu. Wakati wa swala ulipofika aliwaomba wenzake watue, akatandika shali yake kando ya njia, akaswali. Mimi nilimwangalia Dadi, nikidhani atalalamika. Dadi akasema, "Mwache amalize, mwanangu. Mungu hana haraka." Alipomaliza akarudi begani, na mahujaji wa kushuka walipotusalimu "Jai Mata Di", akawaitikia vilevile kama wote.

Kwa Kihindi changu cha kuvunjikavunjika nilimuuliza kama hachoki. Akacheka. Alisema amebeba tangu alipokuwa rika langu, na baba yake kabla yake. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto, na binti mmoja yuko chuoni. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Wengine wana mashamba ya ngano. Shamba langu mimi ni njia hii."

Sasa kuna mpango wa kulifyeka shamba hilo. Bodi inayosimamia hekalu, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1986, ilitangaza mradi wa kujenga vibanda vya kuning'inia kwenye waya, kutoka Tarakote hadi Sanjichhat, ili hujaji apae juu ya mlima kwa dakika chache. Novemba na Desemba 2024 wenye maduka na wapagazi wa Katra waligoma na kuandamana. Walisema mtambo huo utawapitisha mahujaji juu ya vichwa vyao, na wao watabaki chini wakihesabu mawe. Nami, ijapokuwa niko mbali na sauti yangu ni ya mwanafunzi tu, nasimama upande wao.

Sitaki mnione mkaidi, kwa hivyo nitazipima hoja za upande wa pili moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni ya wazee na wagonjwa. Je, wao hawana haki ya kumwona Mama? Wanayo, tena kubwa. Nani atabisha na mimi mwenyewe nyanya yangu alibebwa? Lakini tayari wana njia. Kuna helikopta kutoka Katra hadi Sanjichhat. Kuna magari madogo ya betri kutoka Ardhkuwari. Tangu Desemba 2018 kuna waya wa kutoka hekaluni hadi kwa Bhairon, na huo nausifu, maana kilima kile cha mwisho kiliwashinda wazee wengi wakarudi na hija nusu. Hivyo vyote ni dawa. Ila dawa hupewa mgonjwa. Ukimpa kila mtu dawa badala ya chakula utawamaliza. Waya wa pili hauwalengi wagonjwa peke yao. Kila mwenye nauli ataupanda, hata kijana mwenye misuli kama ya mcheza raga.

Hoja ya pili ni usalama, na hapa sifanyi mzaha. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2022, watu 12 walikufa kwa kukanyagana karibu na hekalu. Agosti 26, 2025, mvua kubwa iliporomosha mlima karibu na Ardhkuwari, wakafa zaidi ya watu 30, na hija ikafungwa hadi Septemba 17. Mungu awalaze pema. Lakini hebu tufikiri kwa makini. Mkanyagano wa mwaka wa 2022 ulitokea juu, mahali penye nafasi ndogo na umati mkubwa. Ukiwapandisha watu kwa kasi zaidi kwenda mahali palepale padogo, je, umeondoa msongamano au umeuongeza? Kilichosaidia ni ile kadi ya shingoni, iliyoanza mwaka huohuo wa 2022, inayohesabu watu. Na maporomoko nayo dawa yake ni kuimarisha kingo na kuifunga njia mapema mvua inapotisha. Kuchimba mlima zaidi ili kusimamisha nguzo si dawa ya mlima unaoporomoka.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Wanasema ni aibu binadamu kumbeba binadamu mwenzake. Nakiri kwamba kuwatazama wale wanne wakihema chini ya machela si jambo jepesi kwa macho. Lakini tuulize: aibu hiyo inaondolewa vipi? Ukimwonea mtu huruma kwa kazi yake, mwongeze ujira, mpunguzie uzito, mpe bima na mahali pa kulala penye joto. Kumnyang'anya kazi kisha ukajisifu kwamba umemkomboa, hiyo ni huruma ya mamba. Kwani sisi hapa nyumbani tunawafanyaje wanaovuta mikokoteni sokoni? Twawapigia honi na kuwaita majina. Lakini siku ya kufungua shule ni nani anayekuvutia sanduku lako kutoka stejini? Na hao farasi nao wana haki yao. Wapewe mapumziko, wachunguzwe afya, na samadi yao iondolewe njiani upesi. Mambo haya yanawezekana bila waya.

Hoja ya nne ni neno tamu, maendeleo. Ati nani anayepinga maendeleo? Si mimi. Reli ilifika Katra mwaka wa 2014, na nilishuka nayo kwa furaha. Lakini kuna tofauti. Reli inakuleta mpaka mlangoni pa mpagazi na muuza chai, kwa hivyo inawaongezea riziki. Waya unakuruka juu yao. Si kila kitu kinachokimbia ni maendeleo. Tujiulize kinamkimbilia nani na kinamkimbia nani.

Sasa neno langu kwa Wahindu wenzangu, maana nyani haoni kundule. Tumeanza kuifanya hija kama kwenda dukani. Tunataka tiketi ya haraka, foleni ya wakubwa, turudi jioni tukaoge maji moto. Tunamwomba Mama atuondolee kiburi, huku tunatafuta mlango wa nyuma wa kumfikia. Mtu mzima, mwenye afya yake, akipaa angani dakika chache, akaona mwamba sekunde chache, akarudi na punje zake za sukari, sisemi Mama hatamsikia, hiyo si kazi yangu. Nasema tu kwamba hakukutana na yule mzee wa ndevu nyeupe. Hakutambaa nyuma ya tajiri. Hakula wali na maharagwe kwenye meza moja na wakulima wa Punjab na walimu wa Delhi, chakula ambacho, amini usiamini, hakina tofauti kubwa na cha jikoni kwetu hapa, isipokuwa viungo. Amekosa mengi mno kwa nauli aliyolipa.

Na neno langu kwenu ninyi mnaotuuliza habari za mawe. Ulizeni tu, ila ulizeni kama mtu anayetaka jibu. Mkristo akibusu msalaba haabudu mbao, na Mwislamu akilia mbele ya Kaaba halilii kitambaa. Nasi tukiinama mbele ya mwamba ule tunamwinamia yule aliyetupa nguvu, riziki na elimu. Mnaweza kukataa imani yetu, hiyo ni ruhusa yenu. Kuicheka bila kuijua ndiko sipendi. Katika shule yenye makabila na dini nyingi kama hii, atakayecheka leo atachekwa kesho, na mwisho wa kicheko hicho tunausoma magazetini.

Basi shauri langu ni hili. Njia ya miguu ilindwe na itengenezwe. Mitambo iliyopo ibaki kwa wazee, wagonjwa na walemavu, nao wapewe nafasi ya kwanza kwa bei wanayoimudu. Wapagazi walioishi kwa jasho la mlima ule waketi mezani kila linapozungumzwa jambo linalohusu mlima ule, na wasikilizwe kabla mkataba haujatiwa sahihi. Ikiwa bodi ina fedha za kununua nyaya, ina fedha pia za kumnunulia mzee wa machela bima.

Enyi wanachama wenzangu, na walimu wetu wapendwa, mlima haupandwi kwa ulimi. Kila mmoja wetu ana mlima wake, uwe wa mtihani, wa imani au wa kumsamehe aliyemkosea, na daima atatokea mtu wa kukuuzia waya wa kupaa juu yake. Kabla hujalipa nauli, tazama kwanza chini uone ni nani utakayemruka. Mwenye masikio na asikie. Kalamu naiweka chini.